Bafta ya Fundi wa Chapa

Siku ya arobaini ya mama, wageni wa hitima walipokwisha kuondoka, tulibaki uani watu wanane. Alikuwapo mjomba wangu, kaka yake mama, aliyetoka Kang'ata kwa miguu. Alikuwapo shangazi, dada yake baba, kutoka Handeni mjini. Alikuwapo mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesoma hitima, akingoja jua lipungue ndipo aende zake. Alikuwapo bibi jirani, ambaye jiko lake na letu yaliungana ukuta. Alikuwapo fundi wa chapa, mzee ambaye mama alikuwa akimfulia nguo za kazi yake mtoni. Yeye alikaa pembeni juu ya kinu kilicholazwa. Na tulikuwapo sisi watatu: mimi, mwenye miaka kumi na mitano, mdogo wangu wa kiume, mwenye tisa, na mdogo wetu wa kike wa miaka minne, aliyelala mapajani mwangu.

Baba alitangulia mwaka mmoja kabla, kwa homa, katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe. Kwa hiyo kikao kile kilikuwa cha kutugawa, na kila mtu alilijua hilo kabla mjomba hajafungua kinywa.

"Mambo ni mepesi," mjomba alisema. "Huyu wa kiume nitakwenda naye, nina mbuzi. Huyu mdogo atakwenda na shangazi yake. Huyu mkubwa amekwisha kuwa mtu mzima, na yupo mtu Handeni amemuuliza."

"Mtu gani huyo?" bibi jirani akadakia.

"Mtu mzima, mwenye nyumba ya bati."

"Namjua. Bati analo, meno hana."

Mwalimu aliinamia tasbihi yake ili asionekane akicheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Mjomba, naomba tusigawanywe."

"Utawalisha nini?"

Shule niliiacha darasa la pili, mama alipoanza kuumwa. Jembe nililijua, lakini shamba tulilokuwa tukilima lilikuwa la watu. Nilirudia maneno yale yale: "Naomba tusigawanywe." Nikayarudia mara ya tatu, mpaka shangazi akauliza kama nimegeuka kasuku.

Ndipo fundi wa chapa akakohoa. "Mimi nataka mtu," alisema. "Tangu marehemu augue, nguo zangu hazina wa kuzifua. Na mkono wangu wa kulia hauwezi tena kushindilia kibao sawasawa. Nitamfundisha kupiga chapa."

"Mtoto wa kike apige chapa?" shangazi alishangaa. "Kwani wanaume wa Korogwe wamekwisha?"

"Wote wako kwenye mkonge, mama. Kama unamjua aliyebaki, niletee."

Mjomba akamgeukia mwalimu. "Wewe shahidi. Nitarudi Idi. Nikikuta nyumba hii ina chakula cha kuwafikisha mavuno, basi. Nikikuta hamna, nawachukua, na sitaki kusikia kilio."

Idi ilikuwa mbali kwa miezi mitano.

Kazi ya fundi ilikuwa hivi. Alichonga vibao vya mninga, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, kwa maua, majani ya mkungu, na vinukta vya pindo. Kibao kilichovywa katika rangi, kikawekwa juu ya bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, kikapigwa kwa kitako cha ngumi. Kikiinuliwa, ua limebaki. Kinasogezwa, kinapigwa tena, na akipiga mtu anayejua kazi, huwezi kuona ua moja lilipoishia na jingine lilipoanza. Rangi ilikuwa moja tu, nyeusi. Ilitokana na misumari yenye kutu iliyolowekwa wiki nyingi katika maji ya ukwaju, ikachanganywa na magome. Ikipigwa huwa kama chai. Nguo ikioshwa mtoni na kuanikwa ndipo inapokuwa nyeusi ya kweli, isiyotoka.

Mwezi wa kwanza nilipiga chapa juu ya magunia ya zamani. Fundi alikaa nyuma yangu na ufito, si wa kunichapa, ila wa kunionyesha. "Hapa umelala," alisema. "Hapa umekurupuka. Hapa ulikuwa unawaza mambo mengine." Na kweli, pale alipogusa ndipo nilipokuwa nimewaza unga.

Lakini wateja walikuwa wamepungua. Dukani kwa Mhindi, karibu na stesheni, zilikuwa zimefika kanga za Japani, za rangi tatu, rahisi kuliko nguo yetu ya rangi moja. Wanawake waliokuwa wakituletea nguo walipita mbele ya baraza ya fundi wamejifunga Japani, wakamsalimu kwa adabu zaidi kuliko zamani, kama mtu anavyomsalimu mgonjwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umependeza."

"Ah, vitu vya dukani tu hivi."

Walipopita alisema, "Shikamoo za siku hizi ndefu." Kisha akarudi kwenye patasi yake.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Tulikula, lakini tulikula cha siku, na ghalani hamkuwa na kitu. Nilianza kuhesabu siku za kufika Idi kama mtu anayehesabu siku za kwenda kufungwa.

Ndipo akaja mama mkubwa wa ngoma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, kiongozi wa kundi moja la wanawake waliokuwa wakishindana ngoma na kundi la ng'ambo ya pili ya reli. Mashindano yalikuwa siku ya pili ya Idi.

"Fundi," alisema kabla hajakaa, mzigo wa bafta ungali kichwani, "mwaka jana tulinunua Japani, sare nzuri, tukaficha mpaka siku yenyewe. Tumefika uwanjani, wale wachawi nao wamevaa Japani ile ile! Ua kwa ua! Watu hawakujua nani anacheza na nani."

"Poleni."

"Sitaki pole. Nataka nguo ambayo hakuna duka duniani lililo nayo. Watu ishirini na wawili. Lakini iwe ya rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Ya rangi moja watatuita wajane."

Malipo aliyoyataja yalikuwa magunia mawili ya mahindi na debe tatu za maharage, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakulima. Nilifanya hesabu palepale. Mahindi yale yangetufikisha mavuno.

Fundi akatikisa kichwa. "Rangi mbili sizijui. Sikufundishwa."

"Fundi ataweza," nilisema. Wote wawili wakanitazama, maana niliyesema sikuwa mwenye kazi. "Tutaweza. Acha nguo, mama."

Alipoondoka mzee alinikaripia kama hajawahi kunikaripia. Nilikubali makosa, lakini sikusema nirudishe nguo.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Mhindi kuomba nitazame kanga kwa karibu. Karani wake alikuwa akifungua robota la nguo kutoka Japani, na juu ya robota palibandikwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye picha ya ndege mweupe miongoni mwa majani marefu. Aliibandua aitupe. Nikaiomba.

Fundi aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. Aliitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma. Kisha akacheka peke yake.

"Hii si mashine," alisema. "Njoo uone. Hapa bawa limepita nje ya mstari mweusi, kiasi cha unywele. Mtu alipiga mweusi kwanza, akaja akapiga rangi nyingine kwa kibao kingine. Kila rangi na kibao chake. Na huu mstari wa jani, umeona umekatika hapa? Kibao kimebanduka."

"Labda karatasi imechanika."

"Kaniletee nyingine."

Nilirudi dukani mara nne wiki ile, karani akaniita mke wa makaratasi. Nilileta tatu. Kwenye zote tatu jani lile lile lilikatika mahali pale pale. Fundi alizipanga barazani akazitazama asubuhi nzima. "Basi huko Japani yuko mzee," alisema. "Anachonga mti kama mimi. Na mti wake umembanduka akashindwa kuutupa, kama mimi." Tangu siku hiyo alimwita mzee yule wa Japani "mwenzangu". Akitafuta njia ya kufanya jambo alikuwa akisema, "Mwenzangu angefanyaje?" akaishika karatasi ile puani kama anainusa.

Kwa kuitazama karatasi ile alipata njia. Alichonga kibao cheusi kwanza, akakipiga chapa juu ya ubao mwingine mtupu, na kwa alama ile akachonga cha pili, kilichobeba moyo wa ua peke yake. Pembeni mwa vyote viwili akaacha kijipembe kidogo ili kimoja kikae alipokaa mwenzake. Rangi nyekundu tuliipata katika mti ule ule: ukiukata mninga unatoa utomvu kama damu. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeukusanya porini kwa kifuu, akarudi mikono myekundu, dada yake mdogo akalia akidhani ameumia.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Fundi alisema, "Piga nguo moja, nyeusi, osha, anika. Kesho tuijaribu nyekundu. Usiguse ya pili." Akaenda msikitini.

Mimi kwa mawazo nikamwona mjomba yuko njiani kutoka Kang'ata, ingawa alikuwa hajaondoka kwake. Nikasema moja ni kupoteza siku. Nikapiga tatu.

Nilizipeleka mtoni, nikaziosha, nikazianika, na nyeusi ilitoka nzuri ajabu. Kesho yake fundi alizihesabu nguo tatu kambani. Alichukua kibao chekundu akakiweka juu ya ua la kwanza la pindo. Kilikaa. La pili kikakaa. La tano moyo wa ua ulikuwa umesogea kidogo. Kufika mwisho wa pindo moyo mwekundu ulikuwa nje kabisa ya ua lake, kama yai lililotoka kiotani.

Nguo ilikuwa imesinyaa. Bafta ya dukani huja na wanga, imekakamaa, na sisi siku zote tulipiga chapa juu ya wanga ule. Wanawake wa kwetu walitaka hivyo. Nguo ya sare isipolia kraa-kraa mtu akitembea, watasema imefuliwa, si mpya. Kwa rangi moja haikuwa na ubaya, kwani ikisinyaa inasinyaa na maua yake. Lakini sisi tulipiga nyeusi nguo ikiwa na wanga, tukaiosha, halafu tukataka kupiga nyekundu juu ya nguo iliyokuwa nyingine. Fundi mwenye miaka hamsini ya kazi hakulifikiria hilo, kwa kuwa hakuwahi kulihitaji.

"Kosa ni letu sote," alisema. "Lakini mbili hizi za ziada ni zako."

Nilijua. Nguo zile zilikuwa za watu, zimehesabiwa, na dukani bafta ilikuwa imekwisha mpaka robota jingine. Hata ingekuwapo, nisingeweza kuinunua. Mama mkubwa wa ngoma alikuwa amesema wazi: watu ishirini na wawili au hakuna mtu. Bila nguo tatu hakuna mahindi, na bila mahindi mdogo wangu wa kiume angekuwa Kang'ata na mdogo wangu wa kike Handeni, na mimi katika nyumba ya bati.

Nililia mbele ya mzee, jambo ambalo sikulifanya hata arobaini ya mama. Kisha nikafuta uso, nikasema, "Hizi kumi na tisa zilizobaki, nikizifua kwanza wanga utoke, zitasinyaa zote kabla hatujapiga. Baadaye hazitasinyaa tena."

"Na kraa-kraa yao?"

"Nitapika uji mwepesi wa muhogo, nizichovye mwishoni."

Alinitazama. "Hilo hata mwenzangu hajalifikiria," alisema. "Nenda kafue."

Nilipotoka mtoni nilikuta ameketi barazani na sanduku lake la bati. Ndani yake mlikuwa na bafta nyeupe, imekunjwa na karafuu. Alikuwa akiikata.

"Fundi, hii si ya kazi," nilisema, maana nilijua ni nini. Kila mtu wa mtaa ule alijua. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameinunua miaka mingi nyuma kwa jasho lake, kwa kuwa hakuwa na mtoto, na hakutaka kuja kusitiriwa kwa kuchangiwa.

"Zinatoka tatu kamili," alisema. "Fua na hizi."

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Mimi sifi wiki hii. Wewe wiki hii unachukuliwa wadogo zako."

"Nitakurudishia, fundi."

"Utanirudishia. Tena bafta kama hii, si vile vitambaa vyenye matundu kama chekecheo."

Nikafua. Tulifanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi, siku tano. Fundi alichovya, mimi nikapiga, bibi jirani akakoroga uji wa muhogo huku akilalamika kwamba ni uji wa kwanza anaoupika usioliwa na mtu. Nguo ishirini na mbili zilikamilika. Moyo mwekundu ulikaa katikati ya ua jeusi, isipokuwa mahali pachache ulipopita nje kiasi cha unywele, na hapo fundi alikataa nirekebishe. Alisema ndiyo dalili kwamba zimefanywa na watu.

Mama mkubwa wa ngoma alizishika moja moja, akazikung'uta sikioni. Zililia kraa-kraa. Hakusema asante, alisema, "Wale wachawi wataumwa!" akaenda zake. Mahindi yalifika nyumbani kwetu kwa mkokoteni siku ya kuamkia Idi.

Mjomba alikuja baada ya sala. Aliingia ndani bila kukaribishwa, akayapiga magunia kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe, akafungua moja akala punje mbili mbichi. Kisha akatoka uani.

"Mmekula nini leo?" alimuuliza mdogo wangu wa kike.

"Wali."

"Na jana?"

"Ugali na maharage. Dada ananinyima sukari."

"Vizuri sana," mjomba alisema. Alikaa kwetu siku mbili, akaenda kutazama ngoma, akarudi Kang'ata peke yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyezungumza tena habari ya kutugawa.

Nilipata bafta ya kumrudishia fundi miaka miwili baadaye, si kwamba nilisahau. Kila nilipoweka akiba lilitokea jambo: homa ya mdogo wangu, paa lililobebwa na upepo, daftari la shule. Nilimwambia fundi, naye alijibu kila mara, "Nimekwambia sifi wiki hii."

Katika miaka hiyo kazi ilibaki ya sare za ngoma peke yake. Siku moja karani wa duka aliniletea karatasi nyingine ya robota, ndege yule yule mweupe na majani yale yale. Nikampelekea fundi nikidhani nitamfurahisha. Aliitazama kwa muda mrefu. Bawa halikutoka nje ya mstari. Jani halikukatika.

"Wamempumzisha," alisema. "Hii ni mashine." Hakuchonga siku ile. Baada ya mwezi alinigawia vibao vyote na patasi, akasema mkono wake umekataa, anakwenda Hale kwa mpwa wake, ambaye mumewe alikuwa na kazi kwenye maporomoko ya mto, walikokuwa wakijenga mtambo wa umeme. Nilimsindikiza stesheni. Nilimwambia bafta nitaileta mwezi ujao, na safari hii nilikuwa na hakika. "Ifue kwanza," aliniambia kwa mzaha, treni ikaondoka.

Bafta niliipata. Niliipata kabla ya mwezi kwisha, nzuri, nzito, nikaikunja na karafuu. Siku niliyopanga kwenda ndiyo siku iliyokuja habari ya kifo chake. Nilipanda treni ya mchana. Nilipofika Hale watu walikuwa wanarudi makaburini, wakinawa mikono.

Mpwa wake alinipokea kwa kilio. Nilipomwonyesha bafta akasema, "Hatukuwa na kitu ndani. Tumemsitiri kwa ya jirani."

Jirani alikuwa mkulima mzee, nyumba ya tatu. Nilimkuta ameketi mlangoni. Nikamsalimu, nikapiga magoti, nikamwekea bafta mbele yake, nikamweleza yote tangu nguo tatu zilizoharibika. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliigusa bafta kwa kidole kimoja.

"Nzuri," alisema. "Ichukue."

"Babu, ni yako. Umemsitiri kwa yako, na mimi ndiye niliyemwacha bila."

"Mimi nilimpa marehemu, kwa ajili ya Mungu. Nikipokea hii nitakuwa nimemuuzia. Unataka nimuuzie maiti sanda, mjukuu wangu?"

"Hapana, babu."

"Basi wewe unadaiwa na yeye, si na mimi. Kaa unywe maji, treni bado."

Nilikunywa maji. Nikarudi Korogwe na bafta mkononi. Nilimuuliza mwalimu wa chuo, akanishauri niitoe kwa maiti yeyote asiye na jamaa, na katika kambi za mkonge maiti wa namna hiyo hawakukosekana. Niliitoa. Nimetoa na nyingine baada ya hiyo, na nyingine tena. Watu waliowafumba macho maiti wale waliniombea dua na kuniambia nimekwisha kulipa.

Sijalipa. Wale walikuwa watu wengine. Fundi alitaka bafta yake, aliyoikata kwa mkono wake mwenyewe, na kaburini amelala katika nguo ya mtu wa Hale. Bado ninadaiwa.